Mashine ya Mwisho ya Chama cha Boti

Jumamosi, 4 Juni 1955
Nimepaka mashine mafuta. Bahati kama yangu haipo, kuanzia Maganzo hadi ziwani huku Geita. Wenzangu wote pini za propela ziliwakatikia, mashine zao zilipokuwa bado hai. Ndiyo kazi ya pini: ukigonga mwamba inakatika, mashine inapona. Yangu haikatiki hata nikigonga. Ziwa linanijua.

Jumapili, 5 Juni
Leo nimekumbuka mengi. Tulianza na mtumbwi mmoja na mashine iliyotupwa na mzungu wa mgodini. Tukafika boti nne. Siku ya mbio hata wachunga ng'ombe waliacha ng'ombe. Mshindi alibebwa mabegani, mimi mara nyingi, na mimi si mwepesi. Sasa mgodi unapunguza watu. Wengi wamefuata almasi Mwadui. Imebaki mashine moja. Ikifa, chama kimekufa. Wiki ijayo wanakuja watu wa Mwanza kushindana nasi.

Jumapili, 12 Juni
Kwetu usukani ni kwa zamu. Leo zamu ya Kulwa, rafiki yangu. Tulikuwa mbele ya watu wa Mwanza. Akagonga mwamba. Pini haikukatika. Gia zikasagika. Propela niliifungua mimi, kabla fundi hajafika. Fundi, Baba Tabu, akachungulia ndani: "Hii tuizike tu."
Wanachama wakamgeukia Kulwa. "Ulikuwa unaangalia wanawake ufukweni, siyo?"
Kulwa akafikicha macho. Nami nikacheka pamoja nao.

Jumanne, 14 Juni
Wamemfukuza Kulwa chamani. Chama chenyewe maiti, bado kinafukuza watu. Kulwa ndiye aliyenifundisha kuogelea. Jumamosi anarudi kwao Kagongwa. Naona haya.

Jumamosi, 18 Juni
Niliwaita wote penye lori la kumpeleka Kulwa, nikakiri mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu. Baba Tabu alitema mate chini. "Wewe bwana, mdomo wako ungekuwa mashine tungefika Bukoba."
Hakuna aliyecheka. Kulwa akashusha mzigo wake kichwani.
"Kumbe. Nami nilidhani macho yangu yameharibika."
Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Lakini kazi hapa hana tena, mgodi umempunguza naye. Akapanda.
Jioni nimekaa ufukweni. Boti imefunikwa majani. Mlio hakuna, ni ndege tu.
Bahati sikuwa nayo. Pini ziliniishia zamani, nikapachika msumari wa chuma mahali pake, na huo haukatiki.