Watachoka na Chui wa Bondeni

Jumanne, 3 Julai 1951

Bobi hayupo. Asubuhi nimekuta kamba yake imening'inia kwenye nguzo ya baraza, imekatika, na damu kidogo kwenye ngazi. Chui. Nyayo zake ziko wazi mchangani, nimeshindwa hata kufagia.

Huyu ni mbwa wa sita mtaani kwetu tangu mwezi wa tano. Sasa Nachingwea nzima upande huu wa reli amebaki mbwa wangu Watachoka peke yake. Chui wa bondeni akisikia harufu ya mbwa, mbuzi hamwoni. Kwake mbwa ni wali wa sikukuu.

Na nani alimleta? Makatapila yamefyeka pori lote ili Wazungu wapande karanga. Karanga zenyewe hazikutoka! Wazungu wengi wamefunga masanduku wamerudi kwao. Mume wangu Kipriani naye wamemwachisha kazi ya lori, anashinda nyumbani anahesabu bati. Chui naye kafyekewa kwake, kahamia kwetu.

Watachoka hajala. Amelala mahali alipokuwa akilala mwanawe Bobi.

Alhamisi, 5 Julai

Kipriani amejenga banda. Mume wangu akiamua, ameamua. Amekata miti mwenyewe, akaichimbia chini karibukaribu, juu akafunika magogo, pembeni matawi ya miiba. Mimi nimefunga madebe matupu kwenye kamba kuzunguka, yapige kelele akigusa. Mwamina, jirani yangu, alikuwa anatutazama toka kwake, akasema hata yeye hana nyumba imara hivyo. Nikamwambia ahamie, kuna nafasi. Tumecheka sana—mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mwamina hamgusi mbwa, dini yake hairuhusu, na akipita karibu huinua kanga. Lakini vichwa vya dagaa anavitupa juu ya ua, tena anavichagua vikubwa. Mimi huyu nampenda.

Watachoka tulimpata kwa yule Mzungu mpima ardhi. Alipokuwa anaondoka alitaka kumpiga risasi. Kipriani ndiye aliyekuwa anampakilia mizigo. Akamwomba. Akaja naye mbele ya lori, kamkalisha kama abiria! Mimi nilikasirika siku hiyo. Baadaye swila akamtemea sumu machoni kule nyuma ya jiko, nikakaa naye kutwa nzima namwosha macho kwa maziwa, na alipofumbua tukawa tumemalizana. Jina nilimpa mimi. Nimeolewa miaka minane sina mtoto, na majirani walikuwa na maneno yao. Basi wakati wanawake wanapita kwenda kisimani, mimi nasimama mlangoni namwita mbwa kwa sauti: Watachoka! Watachoka! Walielewa. Mwamina alicheka mpaka akatua ndoo. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Jumapili, 8 Julai

Amekuja. Usiku madebe yalilia, Kipriani akatoka na mwenge, chui akakimbia. Leo tumeona makucha yake kwenye mti wa banda, mistari mirefu kama ya randa ya seremala. Banda limeshika! Nimemshukuru Mungu kanisani na nimemshukuru Kipriani nyumbani kwa kuku.

Mchana jumbe wetu, Mzee Abdalah, ameita baraza. Wanaume tu. Kipriani amerudi jioni. Amesema Bwana Nyama, yule askari wa serikali wa wanyama wakali, ametumiwa habari, ila yuko mbali, hajulikani atafika lini. Watu wanaogopa. Mbwa wakiisha, chui atageukia nini? Watoto wanakwenda kisimani alfajiri. Nikamuuliza wameamua nini. Akasema hawajaamua kitu.

Ameniuliza mbwa anakula mara ngapi kwa siku. Swali la ajabu. Miaka miwili anaishi naye.

Jumanne, 10 Julai

Kipriani ana wazo zuri. Kesho ampeleke Watachoka Ruangwa kwa mdogo wake Selestini, akae huko mpaka chui apatikane. Kule pori bado ni pori, chui ana shughuli zake. Lori la ufuta linarudi tupu, dereva ni rafiki yake.

Sikutaka. Nimelia kidogo nikishona, nikaharibu kola ya watu. Halafu nikafikiri—nampenda kwa ajili yangu au kwa ajili yake? Nikakubali. Kipriani akanishika bega, akasema nina akili. Nimemkaangia mbwa samaki wa safari, nimewafunga kwenye jani la mgomba. Nimempa Kipriani na ule mfuko wa gunia anaoulalia Watachoka, asisikie ugeni.

Jumatano, 11 Julai

Wameondoka kabla jua halijapanda. Alikuwa anaruka! Akiona kamba mkononi mwa Kipriani hufikiri ni matembezi.

Alhamisi, 12 Julai

Kipriani amerudi jioni, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Kila kitu salama. Selestini amefurahi, watoto wake wanamgombania mbwa, wamemlaza ndani karibu na jiko. Samaki aliwamaliza njiani, kabla ya Matambarale. Nimecheka. Ndivyo alivyo, hana subira ya samaki.

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 13 Julai

Alfajiri nimesikia mbwa analia upande wa bondeni. Si kubweka, kulia. Nimeijua sauti ile. Nimekaa kitandani mwili wote umesimama nywele.

Kipriani akasema ni mbwa wa walinzi wa stesheni. Nikamwambia walinzi hawana mbwa, chui alimchukua mwezi wa tano. Akasema wamepata mwingine. Akajifunika, akasema mbwa wote hulia sauti moja.

Hapana. Mbwa wote hawalii sauti moja. Lakini Ruangwa ni mbali, nami sina mabawa.

Jumamosi, 14 Julai

Watu wamekuwa wema. Mke wa jumbe amenisimamisha njiani, ameniuliza hali, ameniuliza na kazi yangu ya cherehani, mkono wake umekaa kwenye mkono wangu muda mrefu. Mwanamke huyu tangu nihamie hapa huniitikia puani! Mwanamvua wa dukani kanipa uzi bure. Na Mwamina kaja na papai zima, kaliweka mezani, kakaa, hakusema lolote la maana. Nikamuuliza kama amesikia mbwa jana. Akasema watoto walimsumbua, hakusikia. Kisha akaenda bila kumaliza chai.

Nilifikiri labda nina ugonjwa wanaoujua wao, mimi siujui.

Jumatatu, 16 Julai

Nitaandika polepole.

Asubuhi nimekwenda sokoni kutafuta vifungo. Nani nimemwona? Selestini. Amekaa juu ya magunia yake ya ufuta, anakula muhogo. Nimemkimbilia kwa furaha. Nimemsalimu, nimeuliza watoto, nimeuliza na Watachoka je, anakula?

"Mbwa gani, shemeji?"

Alisema hivyo tu. Nilimtazama nikidhani ananitania, shemeji zangu wana utani. Hakuwa anatania. Kipriani hajafika kwake tangu Pasaka.

Hapohapo vigelegele vikaanza upande wa bondeni. Watu sokoni wakasimama, wakaanza kukimbia, mtu akapita anasema amenasa, amenasa. Nami nikakimbia. Nilijua kabla sijafika. Miguu ilijua.

Ni mtego wa magogo, kama nyumba ndefu yenye vyumba viwili. Chumba cha mbele mlango wake ni gogo linaloanguka. Humo alikuwemo chui, ananguruma mpaka ardhi inasikia. Chumba cha nyuma ndicho cha chambo. Humo mbwa wangu. Amefungwa juu ya ule mfuko wake wa gunia. Mfuko niliompa mimi, kwa mikono yangu, asisikie ugeni!

Yuko hai. Makucha yamepita katikati ya miti yakamchana bega. Amekonda. Siku tano amelala hapo kila usiku, na yule anazunguka nje.

Na magogo yamechimbiwa karibukaribu, juu yamefunikwa. Nikaitambua kazi ya mume wangu. Banda la kwangu lilikuwa la majaribio.

Walikuwa wamembeba Kipriani mabegani. Akaniona. Akashuka. Alikuja taratibu, akaniambia, "Mke wangu, asingekufa. Nilimjengea chumba chake peke yake. Kila asubuhi nilikuwa namletea maji."

Nikamjibu, "Ulinitazama nikimkaangia samaki."

Wamemchoma chui mkuki, watu wakapiga kelele, kisha wakafungua nyuma. Nikapiga magoti nikamwita. Watachoka akatoka anachechemea, akapita pembeni yangu, akaenda moja kwa moja kwa Kipriani. Akamlamba mikono. Akalala chali mbele yake, tumbo juu.

Basi. Sina la kuandika tena leo.

Jumanne, 17 Julai

Nimemwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Halii. Natamani angelia.

Kipriani anatembea kifua mbele. Juzi alikuwa dereva asiye na lori, leo wazee wanampisha kiti. Ngozi ya chui imeanikwa uani kwa jumbe, watu wanakwenda kuiona, na kila anayeiona anapita kwetu kumpa mkono. Mimi nawapikia chai. Nawapikia kweli! Nifanye nini kingine?

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona mimi.

Jumatano, 18 Julai

Mwamina amekuja. Hakukaa, alisimama mlangoni. Nilimuuliza alijua tangu lini. Tangu siku ya baraza, mumewe alimwambia jioni ileile. Wote walijua. Waliambiana wasiniambie, na wakashika neno, watu wa mtaa huu ambao hawajawahi kushika neno hata la posa!

Akasema, "Dada, ningekwambia ungekataa. Nami nina watoto wanne wanakwenda kisimani."

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ni kweli. Nikamwambia hakuna aliyekuja kuniuliza. Pengine ningekubali. Pengine ningekwenda kulala naye bondeni, miti kati yangu na chui. Hawakutaka kujua. Waliona mwanamke asiye na mtoto na mbwa wake, wakaona la kuzungumza naye halipo. Rafiki yangu pia aliona hivyo.

Alilia. Mimi sikulia. Papai lake bado liko mezani, limeanza kuoza upande mmoja.

Ijumaa, 20 Julai

Wamekuja watu watatu kutoka Mbekenyera. Kwao chui ameingia, amechukua mbuzi na amemkwaruza bibi mmoja shambani. Wamesikia habari za Kipriani. Wamekaa barazani, heshima tele, wakamwita fundi. Wakasema magogo wanayo, vijana wa kuchimba wanao. Mbwa ndio hawana.

Nilisimama nyuma ya pazia. Kipriani akasema hapana. Mbwa ni wa mke wangu, na ana jeraha. Watafute mbuzi. Walibembeleza, akakataa mara ya pili.

Usiku wakati wa kula nikampa Kipriani nyama iliyo bora. Akasema hatamgusa tena bila mimi kujua, anaapa kwa Bikira Maria. Nikasema nimesikia. Nilitaka sana kuamini, hata nikahisi usingizi unarudi.

Jumapili, 22 Julai

Sikukaa kanisani mpaka mwisho. Kitu kilinisukuma. Kipriani alisema anaumwa tumbo, hawezi kwenda.

Nimefika nimekuta lori limesimama barabarani chini ya mkorosho, na wale watatu wa Mbekenyera wamekaa nyuma. Wakaniamkia vizuri mno. Yule mkubwa wao akaangalia viatu vyake.

Nimepitia mlango wa uani. Watachoka alikuwa bado bandani, Kipriani sikumwona. Nimemwingiza ndani, nimefunga komeo mbele, nimefunga na nyuma, nimeisukuma cherehani mlangoni. Ninaandika juu yake. Mkono usipoandika utafanya kitu kingine.

Kipriani yuko nje. Kwanza alidhani mlango umekwama. Sasa amejua. Hapigi kelele, hajawahi kunipigia kelele, ni mtu mpole mume wangu. Ameegemea mlango, namsikia anavyopumua.

"Dionisia. Fungua. Nataka kumpeleka Lindi kwa daktari wa wanyama, aone lile bega. Lori limetokea kwa bahati."

Lindi! Na wale wa Mbekenyera nao wanaumwa bega?

Kuna mtu amewasha injini barabarani. Kisha Kipriani akaanza kupiga mluzi. Ule mluzi wake mdogo, wa matembezi.

Watachoka ameamka. Anachechemea, lakini mkia unapiga huku na huku, unagonga mguu wa cherehani. Anakwaruza mlango. Anageuka kunitazama, anakwaruza tena, ananitazama mimi nimfungulie.