Nyumba ya Mke wa Pili

Jumapili, Munje

Na mimi nilidhani ni zawadi. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri pamoja, mara Hamisi ananiambia twende Kisumu tukaone ziwa na mila za watu wa huko. Nilijisifu mpaka kwa majirani.

Jana kwenye makumbusho binti mmoja alitutembeza katika boma la Kijaluo la zamani. Akatuonyesha nyumba ya mke mkubwa, kisha ya mke wa pili. Hamisi akasimama pale pale.

"Na mke mkubwa huridhika?" akauliza.

Binti akacheka. "Hilo muulize mke mkubwa, baba."

Wageni wote wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Jioni tulikaa kando ya ziwa kula samaki. Hamisi hakumgusa samaki wake. Akaniambia ameposa mwanamke huko Lunga Lunga, kwa kuwa sisi Mungu hajatujaalia mtoto.

"Nilitaka usikie kwangu, mbali na watu. Wewe utabaki mkubwa, Mwanaisha."

Nikamuuliza kama harusi imeshapangwa. Akatazama maji.

Sikulia. Sijalia mpaka sasa, na hilo ndilo linalonitisha. Najua dini inamruhusu. Lakini moyo wangu mimi...

Leo tulipofika nyumbani, mamake Hamisi alikuwa mlangoni akitungoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanishika mkono, asiuachie.

"Pole, mwanangu," akasema.

Hakusema pole na safari.