Mburu na Wazorani

Sifuna, wacha chenye unafanya usome hii.

Nimetoka kwa Mburu hapa Ruiru saa hii. Tulikuwa tunacheza ile gemu ya anga, yenye Wazorani wanadharauliwa na viumbe wengine juu hawatahiri.

Mburu amewatetea mpaka akampa Mzorani unahodha wa meli. Ati ubaguzi ni ushamba. Ushamba, Sifuna.

Halafu tukaanza kuchagua kapteni wa timu yetu ya kwenda kucheza Thika. Mwas, tulikuwa naye hapo, akaniangalia akasema, "Omondi ndiye anatushinda wote."

Mburu hata hakugeuka. "Hatuwezi ongozwa na kihii."

Kihii. Ati mimi ni mtoto juu sijatahiriwa, na anajua kwetu hatutahiri. Nimekaa kwa kiti yake nakunywa chai ya mamake, ananiita kihii.

Na kwa TV yule Mzorani bado anamshukuru.