Alama ya Kijani Kichochoroni

Kibuli, Kampala

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Sisi hatujambo, shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza kama ufute alama yangu kwenye ile ramani yenu ya simu, maana kichochoro ambacho majirani wote wamekitia nyekundu ya hofu, mimi nimekitia kijani cha amani. Sikukosea kubonyeza.

Nilipokuwa msichana nilikipita alfajiri kwenda kuteka maji, ukungu umetanda, nikigeuka nyuma kila hatua. Kila nilipofika katikati, nyuma ya ua wa matete mwanamke alikohoa. Kikohozi kidogo tu, kama cha mtu anayepiga hodi. Uso wake sikuwahi kuuona, ila nilijua kuna mtu yuko macho, na miguu ikawa myepesi. Siku moja nilimwamkia. Akajibu, “Pita, mwanangu.”

Majirani hawajadanganya, kichochoro bado kinatisha. Lakini sasa dirisha langu ndilo linalokitazama, na wasichana wa shule hupita kabla jua halijachomoza.

Basi usiifute. Na shangazi yako akikuambia naumwa kifua, usimsikilize. Kifua changu kizima, ninakohoa makusudi.

Bibi yako,
Hawa