Aliyoyasema Kasimu Mbele ya Wakili

Jumatatu, 8 Machi 1976

Taipu imekwama tena. Chai bila sukari, tumezoea. Saa nne wakaingia watu wawili wa usalama, wanataka barua za Kasimu, mteja wetu muuza ngozi. Wakili Mulindwa akawapa zile alizoandikiana na wanunuzi wa Kisumu, ng'ambo ya mpaka. Akawaambia: hizo za biashara, chukueni. Lakini aliyomwambia wakili akitafuta ushauri, hayo hayatoki ofisini. Nimempenda mzee leo kama baba yangu.

Jumanne, 9 Machi

Balaa. Katika barua moja Kasimu kaandika "kama wakili wangu alivyonishauri." Mpumbavu! Wafanyabiashara wetu ndizo zao, mnunuzi akichelewa kulipa lazima atishwe kwa wakili. Sasa wamemkamata, na wanataka kujua aliomba ushauri gani. Aliyekuwa chumbani akiandika hati mkato ni mimi. Nikisema, Kasimu harudi kwa wanawe. Naogopa sana.

Alhamisi, 11 Machi

Mume wangu, Baba Atim, karudi kutoka kazini, hakula. Kumbe wakubwa wake polisi wamempa amri: mkeo ni karani wa Mulindwa, muulize. Yeye kanificha. Nimeambiwa na jirani yetu hapa kambi ya polisi ya Nsambya. Nimemkasirikia mume wangu, halafu nikamwonea huruma. Asiyetii amri siku hizi, jamani.

Ijumaa, 12 Machi

Ameniuliza. Kavaa sare kamili na kofia, kasimama mlangoni mwa chumba chetu, kaniita kwa jina la cheti kana kwamba hanijui.

"Rose Acen, Kasimu alimuuliza nini wakili?"

"Afande, hiyo ni siri ya mteja. Sisemi."

Akavua kofia. Akakaa kitandani, akanishika mikono. "Basi, Mama Atim. Nimeuliza."

Tukalia wote wawili, ovyo kabisa. Nampenda mjinga huyu.

Jumapili, 14 Machi

Jana aliripoti: nimemuuliza, amekataa. Wakamwambia ampige mpaka aseme. Akasema hapigi mke. Wamemvua tepe zake tatu za usajenti, lakini hawakumfunga. Mungu ahimidiwe. Mke wa Kasimu alipeleka chakula mahabusu, bakuli likarudi tupu. Basi yu hai.

Mchana nimekaa kibarazani na wembe, nafumua tepe kwenye mkono wa shati. Chini yake kitambaa hakijapauka. Nikamwambia alama zitaonekana.

"Acha zionekane," akasema, akaenda kumwogesha Atim.