Habari Kamili ya Kidole cha Mama

Chumba cha Ufundi, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 12, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima zote, na kwa niaba ya nyumba nzima, natangaza kwamba swichi iliyokuwa ukutani kando ya mlango wa chumba cha Mama cha kushonea imeondolewa rasmi siku ya Jumatano, saa tano kasoro robo asubuhi. Tundu lake limezibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Shughuli ilihudhuriwa na mimi, bisibisi, na nzi mmoja. Hakukuwa na hotuba.

Baada ya tangazo hilo, sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Hujambo, Dada? Shemeji naye? Lile goti lake bado linatabiri mvua? Na wapwa zangu, hasa yule wa mwisho mwenye maswali, wanaendeleaje? Nasikia baridi ya huko mwaka huu haina adabu. Suguaneni viganja. Mwendo wa mikono unageuka joto, na hilo joto hakuna wa kukukatia. Sisi huku wazima, tunapumua, tunagombana kwa kiasi. Mke wangu anakusalimu na anasema niandike haraka kabla ujasiri haujapoa.

Kitabu changu unakijua. Ni kile cha sayansi nilichomnyang'anya muuza duka alipokuwa akikichana kurasa za kufungia misumari. Tangu kiingie nyumbani, jina alilonipa Baba limepotea mtaani, nimekuwa Nadharia kwa wakubwa na wadogo. Kitabu hakina jalada, na ukurasa wake wa kwanza unaanzia katikati ya sentensi, lakini sura moja ilisalimika karibu yote, ile ya nishati. Inasema nishati haizaliwi wala haifi. Inabadili umbo tu, kama mtu anayevua koti na kuvaa kanzu.

Ilinitia wazimu, Dada, sifichi. Betri ya tochi ina kemikali, kemikali inakuwa umeme, umeme unakuwa mwanga, na pembeni joto kidogo ambalo hakuna aliyeliomba. Redio inakula umeme na kutoa kelele. Ukishuka mteremko kwa baiskeli ukafunga breki, kisha ukagusa rimu, utatoa mkono mwenyewe, kwa maana mwendo wote ule lazima uende mahali, na umekwenda kuwa moto. Nilizunguka nyumbani nikitaja mabadiliko hayo kwa sauti. Mke wangu akibandika birika jikoni, mimi nimesimama nyuma yake ninamweleza anachofanya. Siku moja akauliza kama kitabu kinasema lolote kuhusu mume kubadilika kuwa msaada.

Hapo ndipo nilipomgeukia Mama.

Unakumbuka anavyokaa kwenye cherehani yake, mgongo umenyooka, miguu inakwenda kama ya mtu anayetembea huku ameketi. Nilivuta kiti mlangoni nikamtazama asubuhi nzima. Mkate na chai vinakuwa nguvu ya miguu. Miguu inasukuma kanyagio, kanyagio linazungusha gurudumu kubwa la chini, mkanda unapandisha mwendo mpaka kwenye gurudumu dogo la juu, na mwisho kabisa, baada ya safari yote hiyo, kijisindano kimoja kinaruka juu na chini. Kila kituo kitu kinavuja njiani. Basi nikamweleza Mama, kwa sauti yangu ile ya utaalamu, kwamba anachoma kifungua kinywa kizima kwa ajili ya pindo moja la shuka.

Hakuinua kichwa. "Sasa unataka nile umeme?" akaniuliza.

Mtu mwenye akili angelichukua hilo kuwa jibu. Mimi nililichukua kuwa kibali.

Mota nilipata kwa muuza vyuma chakavu. Ilikuwa ya mashine ya kufulia nguo iliyokufa kila kitu isipokuwa moyo. Aliuliza inakwenda kufanya nini, nikamwambia kushona, akanipa huku akijifuta machozi ya kicheko. Niliifunga chini ya meza ya cherehani kwa boliti nne, nikautoa ule mkanda wa miguu, nikaweka wangu. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo swichi ikakaa ukutani kando ya mlango, hatua tano kutoka kwenye kiti cha Mama.

Tazama maana yake. Mshonaji hakuweza kuzima cherehani yake mwenyewe. Alihitaji mtu wa kusimama mlangoni, na mtu huyo nilikuwa mimi. Niseme kweli, nilifurahi. Miaka yote hii Mama hakuwahi kunihitaji katika kazi yake, hata kuokota kifungo. Sasa alikuwa akisema washa, ninawasha, zima, ninazima, na mimi nilisimama pale kama kamanda wa gwaride.

Kuna jambo sikulielewa, na sitazisingizia zile kurasa zilizofungiwa misumari, maana limo kitabuni na nimelisoma. Miguu ya Mama haikuwa injini tu. Ilikuwa breki pia. Akitaka mishono mitatu, alikanyaga mishono mitatu, akasimama. Mota haijui mishono mitatu. Mota inajua kwenda.

Siku ya tatu alikuwa na shuka za nyumba ya wageni. Uzi ukajikunja chini ya kitambaa. Akasema zima, nikazima. Akaniuliza imezimika kweli.

"Imekufa, Mama. Ingiza mkono."

Alikuwa akinitazama mimi, Dada. Hakuitazama sindano, kwa sababu mwanawe aliyesoma kitabu alikwisha kumwambia. Na umeme ulikuwa umekatika kweli, hilo nakuapia. Lakini kitu kizito kilichokwisha kupewa mwendo hakisimami eti kwa sababu mtu wa mlangoni amekitangazia kifo. Habari hiyohiyo niliwahubiria watu kinyozini, kwa mfano wa baiskeli. Rungu la chuma lililo ndani ya mota lilikuwa bado na mizunguko yake miwili mitatu halijaitumia. Likaitumia. Sindano ikashuka kwenye kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, ikapitia juu ya ukucha.

Hakupiga kelele. Alisema jina langu, lile la Baba.

Hiyo ndiyo habari ya kidole. Ile niliyokupa kwenye simu jioni yake haikuwa. Nilikuambia macho ya Mama yamechoka, kwamba haoni sindano ilipo, kajichoma mwenyewe, ni uzee tu. Sijui neno hilo nililitoa wapi. Niliposikia sauti yako ikiuliza imekuwaje, uzee wa Mama ulikuwa ndio kitu cha karibu zaidi cha kujifichia. Simu inageuza sauti kuwa umeme, kisha huko kwenu inaugeuza umeme kuwa sauti. Uongo wangu ulipita humo ukafika kwako safi, bila mkwaruzo. Ndiyo maana leo nimekuandikia kwa mkono. Karatasi angalau ikiona mkono unatetemeka, inaonyesha.

Mama alikuwa ameketi mkabala nami, kidole kimefungwa kitambaa. Hakunikanusha. Nilipokata simu alisema, "Haya macho unayoyasingizia yalikuwa yanakuona ukisema." Halafu akaomba chai.

Ukatuma miwani kwa mkono wa yule rafiki yako msafiri. Ulifanya kama mtoto mwema, na Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hana haja nayo. Ile miwani inamkuzia kila kitu na kukivuruga. Lakini alijua akiiacha mezani, msafiri atakupelekea habari, na mimi nitaumbuka, basi akaivaa. Akajigonga kwenye mlango. Akaliamkia koti langu lililotundikwa msumarini, akalingoja lijibu. Na kwa kuwa alitaka akushukuru, akakushonea foronya mbili kwa sindano ya mkono, maana cherehani hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Alizishona msafiri akiwa amekaa palepale chumbani anamsubiri, miwani iko usoni. Nilimwona anashona kwa kupapasa. Pindo likaenda kama mlevi anayetafuta kwao.

Ukaziona foronya. Ukapiga simu ukasema imetosha, Mama asishone tena, atajimaliza vidole, na cherehani ipewe binti wa Shangazi mwisho wa mwezi huu kwa kuwa anajifunza ufundi. Sikulaumu hata chembe. Kwa ushahidi uliokuwa mkononi mwako, hukumu yako ilikuwa ya haki. Ushahidi ndio niliokutengenezea mimi. Na wewe ndiye mkubwa wetu, neno lako hapa halirudi nyuma. Mama alisema sawa, akaifunika cherehani kwa shuka.

Nilinyamaza. Wiki mbili nzima, Dada. Nilijiambia labda ni heri apumzike, umri nao, wengine wanatamani. Mtu akitafuta sababu nzuri ya kukaa kimya haikosi.

Jumanne alasiri nikasikia kanyagio. Nikachungulia. Shuka ilikuwa imekunjwa pembeni, na Mama yupo kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, anakanyaga. Hakuna kitambaa. Hakuna uzi. Hata mkanda wa miguu haukuwepo, si niliutoa. Gurudumu la chini lilizunguka peke yake, na huko juu hakuna kilichosogea.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema analilainisha kanyagio lisishike kutu, ili binti wa Shangazi asije akapata taabu.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama vile anauliza saa, kitabu changu kinasema hii nguvu anayoikanyaga inakwenda wapi. Jibu nalijua. Inakuwa kelele, na joto kidogo kwenye vyuma, basi. Uso wangu ulishika moto mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua moto huo umetoka kwenye nishati gani.

Kesho yake ndipo nikaing'oa mota, nikaurudisha mkanda wa miguu, nikaiondoa na swichi. Nilipomaliza nilijiona nimetenda jambo. Mke wangu akaja akaliangalia lile tundu la ukutani. "Swichi umeitoa," akasema. "Na maneno uliyomwambia dada yako, utayatoa kwa bisibisi gani?"

Nimekaa nayo siku nne. Bisibisi ni hii barua.

Ninachokuomba ni kimoja. Iondoe amri yako kabla mwisho wa mwezi haujafika. Cherehani imekaa sawasawa, mkanda umekaza, imetiwa mafuta, na Mama haigusi kwa sababu wewe ulikataza. Macho yake ni mazima. Anatia uzi kwenye tundu la sindano huku akimgombeza mtu dirishani. Kile kidole kimefunga, ukucha unaota upya. Nyumba ya wageni wamekwisha kutuma mtu mara mbili kuuliza, na safari ya tatu wataenda kwa fundi mwingine, hapo hata ukiondoa amri itakuwa haina kazi. Binti wa Shangazi nitamtafutia cherehani nyingine kwa muuza vyuma, nitamtengenezea mwenyewe, na naapa itakuwa ya miguu.

Tafadhali usimpigie Mama kumuuliza kama ni kweli. Ukimuuliza atakuambia haoni. Atanikinga mimi mpaka kazi yake yote iishe, na hicho ndicho ninachokiogopa kuliko hasira zako. Hasira zako nitazibeba. Nipigie mimi, unitukane kwa kituo, nitakaa nje kwenye kibao nisikilize mpaka salio lako liishe. Kama katika familia hii kuna mtu wa kukatazwa kifaa, nikatazwe mimi mota.

Kitabu nimekiweka juu ya kabati. Sijakichoma. Kukichoma ni kukibadili tu kuwa joto, na mke wangu anasema nisitafute mbwembwe.

Nisalimie Shemeji na goti lake. Nisalimie wapwa zangu wote, na yule wa mwisho mwambie swali lake la kwa nini simu inapata joto nitamjibu nikipata tena uso wa kumjibu mtu. Mama mkwe wako mpe salamu zangu za chini kabisa. Mke wangu na watoto wanakuombea afya. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mwema, na akujalie ndugu mwenye akili kuliko huyu uliyepewa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na leo ninakuonea haya,

Nadharia

Nyongeza: Mama ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema vidole vilivyochomwa siku ile vilikuwa viwili.