Mayai ya Vishingo

Gonja, Same
Jumapili, 9 Februari 2025

Mkwe wangu Zuena,

Bwana asifiwe, na kwa salamu ya kwenu, asalaam aleikum. Hujambo huko Chamazi? Joto la Dar linakuachia usingizi? Mimi mzima, isipokuwa magoti, na masikio ambayo unayajua. Uliponipigia juzi niliishika simu ya Asifiwe, huyu mtoto wa jirani anayenisomea barua, nikawa naitikia tu "ndiyo, ndiyo", na mpaka leo sijui nilikubali nini. Kwa hiyo tuandikiane. Barua hainuni ukiirudia kusoma.

Ndani ya boksi hili kuna mayai thelathini na sita. Ni ya kuku wangu wa vishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Gibson alipokuleta mara ya kwanza uliuliza nani kawanyoa, tukacheka mpaka ugali ukaungua. Mbegu hii nilipewa na mama yangu, na kijijini hapa hakuna mwingine aliye nayo. Gibson amesoma kwa mayai ya kuku hawa. Aliponunua ile mashine ya kutotolesha aliniambia, "Mama, siku moja nitatotolesha vishingo wako hapa Dar." Hakuwahi. Mwaka wa pili sasa tangu tumzike. Nimechoka kumsubiri marehemu atimize ahadi, natimiza mwenyewe.

Hamkujaliwa mtoto, na shemeji yako Wilbert anasema utaolewa utusahau. Mimi sijui. Najua tu kwamba nikiwa na kitu changu ndani ya ile mashine, utakuwa na sababu ya kuniandikia.

Mayai nimeyaosha yote kwa maji ya moto na sabuni, moja moja, nikayapangusa kwa kanga mpya mpaka yakang'aa. Siwezi kumpelekea mkwe vitu vyenye mavi ya kuku, watu wa pwani mngetusema mwaka mzima.

Ni mimi mama mkwe wako,
Mama Gibson


Chamazi, Temeke
15 Machi 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Pole sana na magoti. Mie mzima, alhamdulillahi, kazi tu zimenizidi. Siku hizi wafugaji wa Chamazi yote wanaleta mayai yao niwatotoleshee, mpaka Mbagala wanakuja, trei zinajaa nakosa pa kupumulia. Ndiyo maana nimechelewa, nisamehe.

Boksi lilifika salama. Hakuna yai lililopasuka njiani. Yalikuwa yanang'aa kweli, mama. Niliyaweka trei ya juu kabisa, ile Gibson aliyokuwaga anasema ni ya wateja wakubwa.

Vifaranga ni ishirini na nane. Wazima, wanakula. Picha sijapiga, kioo cha simu kimepasuka.

Ahsante, mama. Tangu msiba uishe hakuna mtu wa kwenu aliyenikumbuka hata kwa salamu, sembuse boksi zima. Nilikuwa nimeshajiambia basi, yameisha. Mungu akulipe kila la heri.

Mkweo,
Zuena


Gonja, Same
27 Aprili 2025

Mkwe wangu mpenzi,

Salamu nyingi kuliko karatasi. Unaendeleaje? Na wajukuu zangu wenye shingo wazi wanaendeleaje?

Ishirini na nane! Asifiwe aliponisomea nilisimama bila fimbo. Nilimwambia asome tena, akasoma, nikaenda kuwatangazia mpaka watu nisioongea nao.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kupanda kule bandani asubuhi na jioni sikuwezi tena. Kuku nilikuwa nawang'ang'ania kwa hofu tu, mbegu isije ikapotea mikononi mwangu. Sasa mbegu iko kwako. Basi Jumapili ya Pasaka nikampeleka jogoo na matetea watatu kanisani, sadaka ya shukrani kwa ajili yako na vifaranga wako. Hujui utaratibu wetu: ibada ikiisha, sadaka za mazao na mifugo zinanadiwa hapo hapo nje, anayepanda juu kuliko wenzake anachukua. Kuku wangu aliwachukua Venance, yule fundi cherehani mwenye maneno mengi. Akaniambia jogoo hafiki Jumatano. Nikamjibu mle tu, mimi nina watoto wake Dar.

Matetea waliobaki wengine nimewagawia majirani wachinje, wengine tumechinja wenyewe sikukuu. Banda nimelivunja, nimepanda mchicha. Nina amani, Zuena. Sijawa na amani hivi tangu Gibson.

Mwezi wa sita nakuja kuwaona. Usiwauze wote, nibakishie jogoo mmoja nimshike.

Mama mkwe wako mwenye furaha,
Mama Gibson


Chamazi, Temeke
4 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi afya kwanza. Nikianza na habari za magoti nitapata tena pa kujificha.

Hakuna vifaranga, mama. Hakuna hata mmoja.

Nilipofungua boksi nikayaona yanavyong'aa, nilijua yameoshwa. Yai likitoka kwa kuku linakuja na utando wake mwembamba, huo ndio unaozuia uchafu usipenye kwenye ganda. Ukiliosha umelivua nguo. Nikayaweka hivyo hivyo, nikasema labda. Siku ya saba nikayamulika kwa tochi: manane tu ndiyo yalikuwa na mishipa, mengine maji matupu. Siku ya kumi na tano yakaanza kupasuka ndani ya mashine, harufu mpaka kwa jirani. Yote viza. Nikayafukia kwenye mpapai alioupanda Gibson.

Ungejuaje? Uliosha kwa heshima. Kosa ni langu, nimekudanganya. Nilikaa na kalamu siku tatu. Kila nikitaka kuandika "mama, uliyaosha", naiona mikono yako na ile kanga mpya, nashindwa.

Na niseme yote leo. Niliogopa. Mie si wa dini yenu, si Mpare, mtoto sina. Yale mayai ndiyo yaliyonifanya niitwe mkwe tena. Yakiwa yamekufa, mie kwenu ni nani? Ndipo nikakutotoleshea vifaranga ishirini na nane kwenye karatasi.

Sikufikiria kama ungekwenda kushukuru. Barua yako ilipofika nilikuwa nageuza mayai ya mteja, nikayaacha nusu. Mbegu ya mama yako imekwisha kwa ajili ya uongo wangu, na Mungu wako umemshukuru kwa kitu ambacho hakipo.

Ukinikatia salamu una haki. Na kama shemeji Wilbert anaitaka mashine ya ndugu yake, aje aichukue. Ipo safi, inafanya kazi.

Mie,
Zuena


Gonja, Same
22 Juni 2025

Zuena,

Hujambo? Mimi sijambo. Wiki saba sijakuandikia, na usije ukadhani ni magoti. Nilikuwa na hasira. Mchicha wote niliung'oa, hata ule ambao haujafika. Asifiwe akiniuliza kulikoni namwambia wadudu.

Wilbert sijamwambia neno. Wala mtu mwingine. Asifiwe aliyenisomea nimemwapisha.

Hasira ilipopungua nikaanza kujiuliza. Miaka hamsini nimefuga kuku, mayai ya kuatamiwa nimeyaweka mwenyewe chini ya kuku. Sijawahi kuosha hata moja! Mama yangu angenichapa. Na Gibson alipokuwa mdogo alikuwa anabeba mayai kumpelekea shangazi yake ayaatamishe, yana mavi na manyoya, wala sikujali. Sasa haya yako nimeyaoshea nini? Nimekaa na swali hilo mpaka nikaona aibu. Niliyaosha kwa sababu yalikuwa yanakwenda kwa mgeni. Miaka sita uliishi na mwanangu, ukamuuguza, ukamfumba macho, na mimi bado nakuoshea vitu kama mtu aliyekuja kunywa chai. Wewe ukaniogopa, ukadanganya. Tumekoseana wote wawili. Lakini mimi ndiye niliyeanza, kwa sabuni.

Nikajikokota mpaka kwa Venance. Unajua jogoo yuko hai? Anasema saa yake ya ukutani imekufa na jogoo ndiye anayemwamsha. Tetea mmoja kamla, wawili wapo. Nikamwomba mayai. Huyo mtu alinifurahia! "Mama Gibson, sadaka inadaiwa siku hizi?" Nikamwambia sadaka baki nayo, mimi naomba mayai tu, ya mwanangu wa Dar. Akauliza, mwanao yupi tena? Nikamwambia Zuena. Akasimamisha cherehani, mzaha ukamwisha. Kaniwekea kila yai lililotagwa siku tisa mfululizo. Alichotaka ni mchicha tu, na mchicha ndio huo niliung'oa. Namdai Mungu mvua.

Basi ndani ya boksi yamo kumi na moja. Sijayaosha. Lile la pembeni lina mavi, nimeliacha nayo. Yakitoka, shukrani. Yasipotoka, niandikie kwamba hayakutoka, na shukrani vile vile. Ile ya Pasaka sikuikosea: nilikushukuru wewe na vifaranga, vifaranga hawakuwepo, wewe ulikuwepo.

Mashine isiguswe. Wilbert ataifanyia nini, hata yai la kukaanga linamshinda.

Mama yako


Chamazi, Temeke
20 Julai 2025

Mama,

Shikamoo, na tena shikamoo. Magoti yanasemaje? Mvua imepatikana? Kama bado, mwambie Venance mchicha namtumia mie kutoka huku.

Nilipofungua boksi nikayaona yale mavi, nililia. Jirani yangu Chausiku akatoka mbio: "Vipi, yamevunjika?" Nikamwambia hapana, machafu. Akanitazama, akarudi ndani kwake, nadhani alikwenda kuniombea dua.

Nikayapumzisha siku nzima, maana yai likitoka safari linahitaji kutulia kabla ya kuingia kwenye joto. Lile la pembeni nikalikwangua taratibu kwa brashi kavu, nikaliweka peke yake nilijue. Siku ya saba nikamulika: tisa yana mishipa. Nikafunga mlango nikarukaruka peke yangu kama chizi. Siku ya kumi na tisa umeme ukakatika asubuhi, jenereta nayo ikagoma. Nikaifunika mashine kwa blanketi letu la harusi, mie nikakaa mlangoni mpaka saa nane mchana, aliyekuja kuchungulia nilimfukuza. Nilikuwa nimeshatunga na barua ya kukuambia ukweli, mama. Hiyo safari hii ningeituma.

Jumatano wametoka saba. Watano shingo wazi, wekundu, wabaya wa sura, nawapenda hao. Wawili wana kijifungu cha manyoya shingoni, nao ni wetu. Wa lile yai lenye mavi ndiye mwenye kelele kuliko wote, naona ni jogoo. Picha zipo kwenye simu ya Asifiwe, zihesabu mwenyewe.

Ahsante, mama. Ahsante kwa hasira, na kwa kwenda kwa Venance na magoti yale. Mmoja akikua, tetea, ni wake.

Mwezi wa sita umepita, lakini njoo. Jogoo wako wa kushika yupo. Sitakusubiri na pilau, wala sikununulii shuka jipya. Utalala kitandani kwangu, na vyombo utavikuta havijaoshwa.

Mwanao,
Zuena